Ruzuku kwa miradi ya usawa na utafiti wa jamii mkoani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa vikundi, asasi na watafiti walioko Tanga Jiji, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Anayetafuta ruzuku kwa mara ya kwanza asome yote. Mzoefu anaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye bajeti, maana ndiko hata wazoefu wanakojikwaa.

Ile asilimia 10 ya halmashauri ni ruzuku?

Hapana, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Unafaa kununua mashine ya kusaga au kamba za mwani, kitu kitakachozalisha fedha za marejesho. Haufai kugharimia utafiti, mafunzo ya haki za ardhi wala mradi wowote usiouza kitu. Vikundi kadhaa vimeingia kwenye madeni kwa kuendeshea semina fedha za mkopo.

Ruzuku hairudishwi, ila ina masharti: itumike kwa kilichoandikwa, ndani ya muda ulioandikwa, na kila shilingi iwe na karatasi yake. Kilichobaki bila kutumika hurudi kwa mfadhili.

Sisi ni kikundi cha kina mama tu. Lazima tuwe NGO?

Inategemea mnaomba wapi na kiasi gani. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii kinaweza kupata ruzuku ndogo kutoka kwa baadhi ya mifuko, au kupokea fedha kupitia asasi kubwa iliyoshinda ruzuku na kutakiwa kuzigawa kwa vikundi vidogo. Kwa wanaoanza, njia hii ya pili ndiyo nyepesi, na wengi hawaijui.

Mkitaka kuomba wenyewe kwa balozi au mfuko wa kimataifa, mtahitaji cheti cha NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Maombi hufanyika mtandaoni kwa Msajili aliye chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, na mnachagua ngazi: wilaya, mkoa au taifa. Chagueni ngazi inayolingana na kazi yenu halisi. Asasi ya ngazi ya wilaya ya Pangani ikiomba fedha za kufanya kazi Pangani na Mkinga, tayari imejikwamisha yenyewe.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kampuni isiyogawana faida iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, haihesabiwi kuwa NGO kwa cheti hicho peke yake. Kama cheti chenu ni cha zamani, hilo likaguliwe kwanza kabla ya andiko lolote la kuomba fedha kuandikwa.

Nyaraka gani ziwe tayari kabla ya kutafuta mfadhili?

Cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi na bodi, TIN, akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili, mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita, taarifa za mwaka zilizopokelewa kwa Msajili, na hesabu. Hesabu zilizokaguliwa ni bora. Kwa kikundi kichanga, daftari la fedha lililoandikwa vizuri pamoja na taarifa ya benki ya miezi 12 linaweza kutosha kwa ruzuku ndogo.

Kosa linalorudia kuliko yote ni jina. Cheti kinasema "Umoja wa Wanawake Wakulima wa Mwani", akaunti inasema "Wakulima Mwani Group", TIN ina kifupi. Kwa mfadhili hizo ni asasi tatu tofauti. Kurekebisha jina benki huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msisubiri wito wa maombi utoke ndipo mwanze.

Kosa la pili: mume mwenyekiti, mke mweka hazina, kaka katibu. Hata kama ni watu waaminifu, mfadhili atauliza nani anamkagua nani.

Ni wafadhili gani hasa wanaofikika kutoka Tanga?

Tuanze na walio karibu. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini tangu 2003, hasa katika uwajibikaji na utawala bora. Women Fund Tanzania Trust, iliyoanzishwa 2008, inaelekea kwenye haki za wanawake na wasichana, na haiogopi vikundi vidogo. Kwa Jiji la Tanga kuna mpango wa Tanga Yetu, unaofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi, ambao umelenga ustawi wa vijana. Hata kama hakuna dirisha la maombi lililo wazi, asasi zinazoutekeleza hutafuta wabia wa mitaani.

Kwa mazingira na riziki za pwani au milimani, kuna Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 za Marekani kwa mradi, na umeundwa kwa ajili ya asasi za kijamii. Mwani, mikoko, misitu ya Usambara Mashariki na nyuki vyote vinaingia. Usawa pekee bila sura ya mazingira hauingii, ila mradi wa mikoko unaoeleza nani anapata nini kutokana na mikoko hiyo unaingia vizuri.

Balozi zina tabia zake. Ruzuku ya Japani kwa miradi ya ngazi ya jamii hupenda majengo na vifaa: darasa, zahanati, kisima. Hailipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi, na inataka makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu. Mfuko wa Kanada kwa miradi ya wenyeji una kikomo cha dola 100,000 za Kanada, ingawa ruzuku nyingi huwa ndogo kwa mbali. Unaelekea kwenye usawa wa kijinsia na haki za binadamu, na mradi hufuata mwaka wa fedha wa Kanada, unaoanza Aprili na kuisha Machi. Wito ukitoka, muda wa kuandika huwa mfupi. Anayeanza kutafuta wazo siku hiyo amechelewa.

Umoja wa Ulaya hutoa fedha nyingi, lakini si mahali pa kuanzia. Hutaka wazo fupi kwanza, andiko kamili baadaye, na mara nyingi mwombaji achangie sehemu ya gharama. Ingieni kama mbia wa asasi kubwa.

Kwa ufadhili wa Marekani, kumbukeni kwamba Januari 2025 misaada mingi ilisimamishwa, na Julai 2025 USAID ilikoma kuendesha miradi yake. Miongozo ya zamani inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado inaitaja kana kwamba hakuna kilichobadilika. Itupeni.

Kwa utafiti: COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, inasimamia MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, ina programu ya MASMA kwa utafiti wa bahari na pwani, na sayansi ya jamii imo. IDRC ya Kanada hufadhili utafiti wa maendeleo, kwa kawaida kupitia taasisi. Hapa ndipo asasi ya Tanga inapohitaji mkono wa jirani: NIMR (utafiti wa tiba) ina vituo Tanga na Amani, Muheza, TARI (utafiti wa kilimo) iko Mlingano, TALIRI (utafiti wa mifugo) iko Tanga, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ina msitu wake wa Mazumbai huko Usambara.

Tutajuaje kama wito unatufaa?

Someni sehemu ya masharti kabla ya malengo. Malengo yameandikwa ili kila mtu ajione humo, lakini masharti ndiyo yanayochuja. Andikeni majibu ya maswali haya kwenye karatasi moja: Tanzania imo? Aina yetu ya usajili imo? Wanataka miaka mingapi ya uzoefu? Hesabu zilizokaguliwa za miaka mingapi? Kiwango cha chini ni kiasi gani?

Hilo la mwisho hupuuzwa. Asasi iliyowahi kushika shilingi milioni 6 kwa mwaka ikiomba milioni 300, mfadhili hahitaji kufika ukurasa wa pili. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu; ombeni bahari mnayoweza kuogelea. Kanuni tunayoishauri: ruzuku ya kwanza isizidi mara mbili ya fedha mlizowahi kuzisimamia kwa mwaka, na baada ya hapo mpande ngazi.

Jibu moja likiwa "hapana", acheni wito huo. Msiandike barua ya kuomba kusamehewa sharti.

Andiko la wazo liwe na nini?

Kurasa mbili au tatu. Tatizo, nani linamgusa na wapi, mtafanya nini, nini kitabadilika na mtakipimaje, kwa nini ninyi, muda, na jumla ya fedha.

Tatizo liwe la mahali, lisiwe la dunia nzima. "Wanawake barani Afrika wanakabiliwa na changamoto nyingi" ni sentensi isiyoshitua mtu. Linganisheni na hii: "Katika diko hili, mahali samaki wanaposhushwa, wanawake wananunua samaki wa kukaanga baada ya wachuuzi wenye majokofu kumaliza kuchagua, na hakuna mwanamke hata mmoja katika kamati ya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi wa eneo) inayopanga utaratibu wa mnada." Hapo msomaji ameona nani, wapi, na utaratibu gani wa kugeuzwa. Hicho ndicho wafadhili wanachokiita usawa: si idadi ya wanawake waliokaa mkutanoni, bali nani anaamua na nani anabaki na nini.

Na msiseme "kuhamasisha jamii" bila kutaja mtu atakayefanya jambo tofauti baada ya kuhamasishwa.

Bajeti ya mradi wa utafiti wa jamii inaandikwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni: utafiti wa miezi 4 kuhusu mapato ya wanawake wakaanga samaki katika vijiji vitatu vya pwani, hojaji 60 kila kijiji, jumla 180. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Tafuteni za kwenu.

Watafiti jamii 6, wakazi wa vijiji hivyo hivyo: mafunzo siku 3, ukusanyaji siku 10, mrejesho siku 2, yaani siku 15 × watu 6 × 30,000 = 2,700,000. Kwa nini siku 10? Hojaji ya dakika 50 kwa mama aliye kwenye karai la mafuta hukatizwa mara nne. Hojaji tatu kwa siku kwa mtafiti mmoja ndiyo kasi ya kweli. Anayeandika nane kwa siku atarudi na majibu yaliyojazwa chini ya mwembe.

Fidia ya muda kwa wahojiwa: 180 × 5,000 = 900,000. Mikutano ya mrejesho: vijiji 3 × 400,000 = 1,200,000. Mtafiti mkuu wa muda: miezi 4 × 900,000 = 3,600,000. Usafiri 1,400,000. Vibali na mapitio ya maadili 700,000. Walezi 2 wa watoto siku 3 za mafunzo kwa 20,000 ni 120,000. Mkalimani wa lugha ya alama siku 5 kwa 100,000 ni 500,000.

Sasa kile kinachosahauliwa: mchango wa mwajiri. Mtafiti mkuu akiwa mwajiriwa, NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri kwa kawaida hubeba 10, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni asilimia 0.5. Juu ya 3,600,000 hiyo ni 378,000. Isipoandikwa, italipwa kutoka wapi? Ndipo asasi hupunguza posho za watafiti wa kijijini ili kuziba.

Jumla ya gharama za moja kwa moja ni 11,498,000. Ongezeni uendeshaji wa ofisi, yaani umeme, intaneti, mhasibu na makato ya benki. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7, wengine zaidi au chini. Kwa 7 ni 804,860, na ombi zima ni shilingi 12,302,860.

Halafu fanyeni hesabu moja ambayo mfadhili makini ataifanya: kiasi gani kinabaki kwa wanaotafitiwa? Hapa watafiti jamii na wahojiwa wanapata 3,600,000, karibu asilimia 31 ya gharama za moja kwa moja, sawasawa na mtafiti mkuu. Tumeona bajeti zinazojiita za usawa ambamo mafuta ya gari yanazidi yote wanayopata wanakijiji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na aipate kwenye safu ya shilingi, maana utangulizi haumlipi mtu.

Makosa mengine ya haraka: "mengineyo 2,000,000" (hakuna mengineyo, kila kitu kina jina), bei za mwaka juzi, kuandika kwa dola na kusahau kuwa fedha zitaingia kwa shilingi miezi sita baadaye kwa kiwango kingine, na kulipa posho kwa viwango vyenu wakati mfadhili ana vyake.

Tunahitaji vibali gani kuhoji watu?

Utafiti wa afya unaohusu binadamu unahitaji idhini ya maadili kutoka NIMR au kamati ya maadili ya taasisi inayotambulika. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: ofisi ya mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukianzia chini kwa sababu mtendaji ni ndugu yako, siku mkuu wake akiuliza, kazi inasimama.

Tengeni miezi miwili hadi mitatu kwa vibali na msiipangie kazi nyingine ya uwandani.

Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi. Majina, namba za simu na picha za wahojiwa ni taarifa binafsi. Waelezeni zitatumikaje, pateni ridhaa, zitenganisheni na majibu, na msiziweke kwenye simu ya kila mtu.

Chuo kinataka kushirikiana nasi. Tukubali?

Kubalini kwa maandishi. Makubaliano yaseme nani anashika fedha, asilimia ngapi inafika kwenu na lini, nani anamiliki data, nani atatajwa kuwa mwandishi, na matokeo yatarudi kijijini kwa Kiswahili kwa namna gani. Ubia unaowapa kazi ya kukusanya watu na kuandaa chai tu si ubia wa utafiti. Hiyo ni huduma, na huduma ina bei yake.

Kuna mtu anasema atatuandikia kwa asilimia 10 ya fedha zikitoka.

Msikubali. Wafadhili wengi hawaruhusu ruzuku kulipa kamisheni, kwa hiyo hiyo asilimia italazimika kufichwa kwenye kifungu kingine, na hapo mmeshaghushi hesabu kabla hamjaanza. Mlipeni mwandishi ujira wa kazi, kutoka mfuko wenu, pesa zitoke zisitoke. Na mfadhili wa kweli hadai "ada ya kuchakata" kwa namba ya simu.

Tarehe ya mwisho inaisha saa ngapi hasa?

Saa ya kwao. Adhuhuri ya Brussels ni saa 8 mchana kwetu wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa kiangazi chao. Kikubwa zaidi, fomu zimeandikwa kwa saa za kizungu. "12:00" imewahi kusomwa saa 12 jioni na watu wenye akili zao timamu. Tumeni saa 48 kabla. Umeme ukikatika Chongoleani, hakuna atakayeongezewa muda.

Tumekataliwa. Tufanye nini?

Ombeni sababu kwa barua fupi isiyo na malalamiko. Wengine hujibu, wengine hawajibu. Kama mlitolewa kwenye masharti, rekebisheni nyaraka. Kama mlifika kwenye tathmini na kushindwa kwa alama, andiko lina uhai. Lipelekeni kwingine baada ya kulikata upya kwa vipimo vya huyo mwingine. Kubadilisha nembo na kutuma kama lilivyo hugundulika, hasa jina la mfadhili wa kwanza linapobaki ukurasa wa tano.

Fedha zimekubaliwa. Nini cha kwanza?

Someni mkataba wote kabla ya kusaini, hasa tarehe za taarifa na sharti la kuhamisha fedha kati ya vifungu. Kisha angalieni kiasi: kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Siku 10 huisha kabla sherehe haijaisha.

Fungueni daftari la mradi peke yake, na akaunti yake kama mfadhili anataka. Kila malipo yawe na hati ya malipo, idhini ya watu wawili na risiti; kwa muuzaji mwenye mashine, risiti ya EFD. Masurufu ya safari yafungwe ndani ya siku 7 tangu mtu arudi. Kwa huduma za washauri kateni kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Cheti cha NGO hakiwapi msamaha wa kodi. Hadhi ya shirika la hisani kwa ajili ya kodi ya mapato huombwa TRA kwa Kamishna.

Fomu za mahudhurio ziwe na saini halisi. Mkaguzi akiona majina 40 yenye mwandiko mmoja, atauliza habari za siku hiyo, na atamuuliza mtu aliyeandikwa namba 23.